Nyumba yenye utulivu bila deni la riba

  

Katika Suratun-Nahl, aya ya 80 na ya 81, Mwenyezi Mungu anazihesabu neema zake juu ya waja wake, na miongoni mwake anazitaja nyumba, vivuli, na mavazi yanayomkinga mtu na joto. Mwenye kuzizingatia aya hizo ataona kuwa nyumba imetajwa kwa sifa ya utulivu, wala haikutajwa kwa sifa ya fahari. Basi juma hili tujiulize: je, nyumba zetu za Ujiji, Gungu, Mwanga, Kibirizi na Katonga zinatupa utulivu huo? Na ikiwa hazitupi, msaada wa kuzitengeneza unapatikana wapi, na kwa njia ipi isiyotuingiza katika riba?

Joto, baridi na moshi

Wazee wetu walijenga kuta nene za udongo, wakaezeka kwa nyasi, na wakakaa chini ya miembe ambayo hadi leo ni alama ya Ujiji. Nyumba zile zilikuwa na taabu zake, lakini adhuhuri zilikuwa baridi na usiku zilikuwa na vuguvugu. Leo wengi tumehamia kwenye bati, na tumefanya vyema, kwa kuwa bati halivuji upesi wala halishiki moto kama nyasi. Tatizo ni kwamba wengi tumeishia kwenye bati peke yake, bila dari. Bati lisilo na dari hulichukua jua lote na kulishusha juu ya vichwa vya waliomo ndani. Ukifika usiku wa kiangazi hupoa haraka, na watoto huamka kwa kikohozi.

Ndugu zetu wa milimani, Kasulu na Buhigwe, wana shida nyingine. Miezi ya Juni na Julai baridi huwa kali kwao, na wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani ili walale kwa joto. Hapa kwetu pwani ya ziwa jambo hilo hufanyika hasa kwa mzazi aliye katika arobaini yake, ambapo jiko huwekwa karibu na kitanda na mlango hufungwa ili mama na mtoto wasipigwe na upepo. Nalisema hili kwa msisitizo: mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Aliyelala haamshwi nayo. Huzidi kusinzia mpaka roho ikatoka. Mzazi apashwe joto kwa maji ya moto, kwa blanketi na kwa chakula cha moto, na jiko libaki nje. Kuihifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sheria yetu, na hakuna mila inayotangulizwa mbele yake.

Lipo pia suala la moshi wa kila siku. Mama anayepika ugali wa muhogo na maharage kwa kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha huuvuta moshi huo miaka yake yote, na mtoto aliye mgongoni huuvuta pamoja naye.

Mtego wa kausha damu

Mambo haya yote yana dawa, na dawa hizo zinahitaji fedha. Hapo ndipo familia nyingi zinapoangukia katika mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Chukulia mama amekopa shilingi 200,000 ili anunue bati, akatakiwa kurejesha shilingi 10,000 kila siku kwa siku 30. Mwisho wa mwezi atakuwa amelipa shilingi 300,000. Siku asiyoipata elfu kumi huandikiwa faini, na siku ya tatu huja kuchukuliwa godoro au televisheni. Nyumba imepata bati na imepoteza utulivu.

Sisi wa ziwani tuna hatari ya ziada. Kipato chetu hufuata giza la mwezi, upepo na msimu. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mwenye deni la kulipa kila siku angelipa nini katika miezi hiyo mitatu? Kwa hiyo, mbali na uharamu wa riba ambao uko wazi katika Suratul-Baqara, mkopo wa namna hii hauendani kabisa na maisha ya mvuvi, mwanika dagaa wala mkamua mawese.

Milango ya halali iliyopo

Mlango wa kwanza ni ruzuku, nao ndio bora kwa sababu hauna deni. Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Chini ya lengo hilo Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umekuwa ukisambaza mitungi ya gesi ya kilo 6 pamoja na vifaa vyake kwa nusu ya bei, na majiko banifu kwa ruzuku. Katika mgawo mmoja kila wilaya ilipangiwa mitungi 3,255. Tafakari hesabu hiyo: mitungi 3,255 kwa wilaya nzima huisha mapema, na anayekosa ni yule aliyechelewa kusikia au aliyefika bila kitambulisho cha taifa. Huko vijijini, gharama ya kuunganishiwa umeme imewekwa kuwa shilingi 27,000, ilhali mjini ni zaidi ya shilingi 320,000. Mwenye nyumba ya kijijini asiuache mlango huu kwa kudhani kuwa bei ni ile ya mjini.

Mlango wa pili ni mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri. Kwa mujibu wa Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa kama ilivyorekebishwa mwaka 2018, kila halmashauri hutenga sehemu hiyo ya mapato yake ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hii haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, na Manispaa yetu ya Kigoma Ujiji ilikuwa miongoni mwa halmashauri 10 zilizoteuliwa kuanza utaratibu wa kuitoa kupitia benki. Wapo waumini walioniuliza kama kupitia benki kunaifanya kuwa haramu. Kinachotazamwa ni masharti, siyo jengo unamochukulia fedha. Usomeni mkataba mpaka mwisho, muulize kama kuna ziada yoyote ya kulipa au adhabu ya kuchelewa, na mkiona jambo msilolielewa mlilete kwa masheikh kabla ya kutia saini.

Lakini fahamuni kuwa fedha hizo ni za mradi wa kikundi, hazitolewi kwa ajili ya kuezeka nyumba ya mtu. Mwenye kuomba kwa mradi wa uongo kisha akanunulia bati amevunja ahadi, na Muislamu hajengi nyumba yake kwa khiyana. Kikundi kinaweza kuanzisha kazi halisi, kama vile kufinyanga na kuuza majiko banifu, kukamua mawese au kukausha dagaa, na faida halali ya kila mwanachama ndiyo ikatengeneza nyumba yake. Anayepaswa kuonwa kwanza ni afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Mlango wa tatu ni mauzo ya murabaha. Tangu Benki ya Amana ilipoanza kazi mwaka 2011, na baadaye CRDB ilipoanzisha huduma ya Al Barakah mwaka 2021, Watanzania wamepata njia ya kununua vifaa bila mkopo wa riba. Benki huinunua bidhaa yenyewe, mathalani bati, mbao na saruji, ikaimiliki, kisha ikamuuzia mteja kwa bei inayojulikana, faida yake ikiwa imetajwa, naye akalipa kwa awamu. Bei hiyo haiongezeki hata akichelewa. Njia hii inamfaa mwenye mshahara au biashara yenye kumbukumbu. Asiye na kipato cha uhakika asijitwike.

Mlango wa nne uko mikononi mwetu, nao ni qardhi hasan, zaka na sadaka. Suratut-Tawba, aya ya 60, imewataja wanaostahiki zaka, wa mwanzo wakiwa mafakiri na masikini. Mjane ambaye mvua za masika zinamnyeshea kitandani yumo ndani ya aya hiyo. Apewe haki yake mkononi, naye aseme mwenyewe lililo zito kwake, kwani pengine sisi tunaliona paa na yeye ana deni la dawa.

Kipi kitangulie

Fedha ikipatikana isimalizwe kwa pupa. Kwanza ziba panapovuja, kwa sababu maji huozesha mbao na kuharibu kila utakachokiweka baadaye. Pili, toa tundu za hewa juu ya kuta, na dirisha katika jiko, ili joto na moshi vipate pa kutokea. Tatu, weka dari, na ikiwa uwezo ni mdogo anza na chumba kimoja, kile wanacholala watoto au mzee. Siri ya dari ni ile nafasi ya hewa iliyo kati yake na bati, kwani ndiyo inayolizuia joto lisishuke mchana na lisikimbie usiku. Nne, paka bati rangi nyeupe, na panda mti upande wa magharibi linakotua jua la alasiri.

Katika mapishi, gesi na jiko banifu visigombane. Mtungi wa kilo 6 utumike kwa chai, uji, mboga na daku ya Ramadhani, nao ukae mahali penye hewa, mbali na mkaa unaowaka. Maharage yalowekwe usiku kucha, kisha yapikwe kwenye jiko banifu. Kila familia iandike kwa mwezi mmoja inatumia kiasi gani kwa mkaa. Wengi watashangaa kuona kwamba anayenunua mkaa wa kidogo kidogo kila siku hulipa zaidi ya anayenunua gunia, na kwamba umasikini wenyewe ndio unaompandishia bei.

Wajibu wa misikiti

Nimeona kwamba wengi wanaokosa misaada hii hawaikosi kwa kutostahiki. Huikosa kwa kutokuwa na kitambulisho cha taifa, kwa jina lililoandikwa tofauti katika karatasi mbili, kwa kutojua kujaza fomu, au kwa haya. Mama mmoja mtu mzima aliniambia kwamba ofisini haendi kwa sababu hajui aanze kumwambia nani. Huyo hahitaji mawaidha. Anahitaji mtu wa kumsindikiza.

Kwa hiyo naziomba kamati za misikiti ya manispaa na ya vijiji vya mwambao zifanye mambo matatu. Mosi, matangazo ya ruzuku na mikopo yasomwe baada ya swala ya Ijumaa, na yafike upande wa akina mama siku hiyo hiyo, maana wao ndio wapishi na ndio wanaouvuta moshi. Pili, kila kamati iteue kijana mmoja na dada mmoja wanaojua kusoma na kuandika vizuri, wakae msikitini siku moja ya juma kuwasaidia watu fomu na barua za mwenyekiti wa mtaa, bila malipo. Tatu, uanzishwe mfuko mdogo wa qardhi hasan. Deni liandikwe mbele ya mashahidi kama tulivyofundishwa, marejesho yafuate msimu wa ziwa, na mwenye dhiki ya kweli apewe muda. Mwenye kukopa naye ajue kuwa fedha anayoichelewesha kwa makusudi ni dari ya jirani yake.

Na akina baba, mke anapolalamikia moshi au joto msimwone mjuvi. Makazi ni katika haki zake juu yenu. Kabla ya kununua sofa ya wageni, inueni macho mtazame paa wanalolala chini yake watoto wenu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu kuwa mahali pa utulivu, atutosheleze kwa halali yake tusiihitaji haramu, na awalipe kheri wote wanaowasitiri wanyonge. Wabillahi tawfiq.