Kikundi cha Watunzi wa Programu Kisiwe Mali ya Mtu Mmoja

Miaka minne iliyopita, vijana sita waliingia ofisini mwangu wakaniomba niwe mlezi wa kikundi chao cha watunzi wa programu za kompyuta. Nilistaajabu. Mimi ni mwalimu wa isimu. Kazi yangu ni mofolojia na sintaksia, na sijapata kutunga programu hata moja. Wakanijibu kwamba mafundi walikuwa nao. Walichokosa ni mtu mzima wa kutia saini barua ya kuombea ukumbi. Nikaitia. Niliyoyaona tangu siku hiyo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu leo, maana yanawahusu walimu na wanafunzi wengi.

Wako wanaodhani kwamba ujuzi huu hupatikana darasani pekee, au chumbani kwa kijana aliyejifungia peke yake. La hasha. Tarehe 5 Machi, 1975, watu wachache walikutana katika gereji moja mjini Menlo Park, jimbo la California, wakaanzisha Homebrew Computer Club. Miongoni mwao alikuwamo Steve Wozniak, aliyewaonyesha wanachama wenzake kompyuta iliyokuja kuitwa Apple I. Hapa kwetu, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwakuta vijana kadhaa wakiwa tayari wanajuana. Mapema mwaka 2008 wakaunda Ushahidi, ramani iliyokusanya habari za ghasia hizo kutoka kwa wananchi wenyewe. Miaka miwili baadaye iHub ikafunguliwa jijini Nairobi, watunzi wa programu wakapata mahali pa kukutania. Ni dhahiri basi kwamba urafiki wa kikazi hutangulia kazi yenyewe.

Kikundi chetu kilisitawi mwaka wa kwanza. Mwenyekiti alikuwa hodari, tena mkarimu. Walakini, kila kitu kilikuwa mikononi mwake: ufunguo wa chumba, orodha ya wanachama, nywila za akaunti, hata ahadi za wahisani. Alipopata kazi jijini, mikutano ilikoma kwa miezi mitano. Hakuondoka kwa ubaya, na mgala muue na haki mpe: alijitolea kuliko sisi sote. Kosa lilikuwa letu tuliomwachia mzigo, kisha tukamsifu kwa kuubeba. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tulipofufuka tuliweka kanuni tatu. Kwanza, siku ya mkutano haibadiliki: Jumamosi ya pili ya kila mwezi, wawe watu arobaini au wanne. Pili, kila kazi ina watu wawili, mmoja akifanya na mwingine akijifunza, na baada ya miezi sita wanabadilishana. Tatu, mfadhili hukaribishwa kama mgeni. Kanuni hii tuliinunua kwa bei ghali. Kampuni moja ilitugawia fulana na chakula, halafu mikutano mitatu mfululizo ikageuka kuwa matangazo ya bidhaa zake. Wanachama wakapungua. Siku hizi tunachanga shilingi hamsini hamsini, tunakunywa chai na mandazi, na ajenda ni yetu.

Lakini jambo lililonichoma zaidi lilihusu taaluma yangu. Siku moja msichana wa mwaka wa kwanza aliuliza maana ya neno fulani la Kiingereza lililokuwa likitajwa kila dakika. Ukumbi ulicheka. Hakurudi mkutano uliofuata. Nilimtafuta, nikamwomba kijana mmoja amweleze kwa Kiswahili. Kijana akafikiri kidogo, akasema: "Chukua kibuyu ukipe jina. Leo kina maziwa, kesho kina uji. Jina ni lile lile, kilichomo ndicho kinachobadilika." Msichana akaelewa papo hapo. Kijana naye akakiri kwamba kabla ya hapo alilijua neno tu, maana yake hakuwa ameitia akilini sawasawa. Leo msichana yule ndiye anayewapokea wageni mlangoni.

Wapo watakaonikosoa kwamba lugha ya kompyuta ni Kiingereza. Sikatai kwamba amri nyingi zimeandikwa kwa maneno ya Kiingereza, na kwamba mwajiri atakudai Kiingereza. Hata hivyo, kuandika amri ni jambo moja, na kufahamishana ni jingine. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili, na maneno hayakuwapungukia. Mwaka 2019 likazuka kundi la Masakhane, linalowaunganisha watafiti wa lugha za Kiafrika na kompyuta. Jina hilo ni la Kizulu. Ndani yake kimo kiambishi -an-, kile kile tulicho nacho katika "pendana" na "saidiana". Maana yake ni "tujengane". Sijaona katiba ya kikundi iliyo fupi kuliko hiyo.

Mwalimu mwenzangu, mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala iliidhinisha mtaala wa kufundisha utunzi wa programu katika shule zetu. Mtaala ni karatasi. Iwapo shule yako ina chumba cha kompyuta, usikifunge kila Jumamosi kwa hofu ya vumbi na wezi. Teua wanafunzi wawili wa zamu, nawe keti pembeni usahihishe madaftari yako. Si lazima uwe fundi. Mimi si fundi hata sasa.

Nawe mwanafunzi unayekiongoza kikundi, jiulize swali moja usiku wa leo: ukihamishwa kesho, ni nani mwenye ufunguo? Kama jibu ni wewe peke yako, basi hapana kikundi hapo. Mpe mwenzako ufunguo wa pili kabla ya mkutano ujao, na anayekuja kwa mara ya kwanza asichekwe.