Moto unaorudi na moto usiorudi

Wiki hii tuongee juu ya moto. Si ule wa ndimi zetu, ni ule wa kupikia na kuwashia taa.

Kuna nguvu zinazorudi. Vitabu vinaziita nishati jadidifu. Ya kwanza ni jua: leo tumeanika ndagala, kesho linatoka tena na halidai franga. Mto Ruzizi nao ni hivyo. Unatoka Ziwa Kivu, unashuka mpaka ziwa letu, na njiani unazungusha mashine za Ruzizi ya kwanza, iliyojengwa wakati wa Wabelgiji, na za Ruzizi ya pili, iliyomalizika mwaka 1989 kwa ushirika wa nchi yetu, Rwanda na Burundi. Maji yakipita, mengine yako nyuma yanakuja. (Ila chupa za plastiki zinazotupwa Bukavu zinaenda kuziba mashine hizo. Hata kinachorudi kinataka kutunzwa.)

Mazutu ya jenereta na petroli ya taa hazirudi. Zilichukua mamilioni ya miaka chini ya udongo. Litre tuliyochoma leo imekwisha. Tena zinatoka mbali na bei wanapanga wengine. Wavuvi wengi waliacha taa za petroli wakachukua balbu za betri, ndizo tunaziona ziwani usiku usio na mwezi.

Sasa makala tuyaweke wapi? Hapo ndipo tunabishana kila tukikutana. Mti unaota tena, ni kweli. Lakini unataka miaka, na gunia letu linaisha ndani ya wiki chache. Tukikata mbio kuliko miti inavyokua, makala yanakuwa sawa na mazutu. Tuinue macho tuangalie milima iliyo juu ya mji. Aprili 2020 Mulongwe ulifurika, ukashuka na matope na mawe, ukachukua watu na nyumba. Mvua ilikuwa kubwa, hatusemi ni makala peke yake. Lakini mlima usio na miti haushiki maji wala udongo.

Kuacha makala kesho hatuwezi, na umeme tunajua unavyokatika. Tupunguze: maharagwe yalale majini usiku, sufuria ifunikwe, mbabula iwe ya udongo, maana ya bati tupu inapoteza joto pembeni. Na chakula kikiiva, makala yaliyobaki tuyazime, yatapika chai ya asubuhi.