Fundi wa Intaneti, Usiondoke Kabla ya Kufika Chumba cha Nyuma

KWA JICHO LA MTEJA
Na Rehema Mkumbwa

Siku ya kufungiwa intaneti ya faiba nyumbani huwa inakwenda hivi. Fundi anavuta waya kutoka kwenye nguzo, anatoboa ukuta ulio karibu na barabara, na rauta anaifunga palepale waya ulipotokezea, mara nyingi sebuleni nyuma ya televisheni. Anasimama mbele yake, anapima spidi kwa simu, namba inasoma vizuri. Unasaini fomu. Usiku, mtoto aliyejifungia chumba cha nyuma na kazi ya chuo anaanza kulalamika kwamba mtandao unakata.

Hapo ndipo familia inapoanza kupoteza pesa. Unapiga huduma kwa wateja, unaambiwa zima rauta, subiri kidogo, washa. Inatulia saa mbili tatu, kisha yaleyale. Ukipiga tena unashauriwa upandishe kifurushi. Ushauri huo naupinga kabisa, kwa sababu unatolewa kabla mtu yeyote hajajua tatizo liko wapi.

Intaneti ya nyumbani ina safari mbili. Ya kwanza ni ya waya, kutoka kwa kampuni hadi kwenye rauta. Ya pili ni ya hewani, kutoka kwenye rauta hadi kwenye simu yako. Kifurushi unachokilipia kinahusu safari ya kwanza tu. Kama ubovu uko kwenye ya pili, hata ulipe mara tatu ya unacholipa sasa, chumba cha nyuma hakitaona tofauti.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa shangazi yangu, Tabata. Hata sijamaliza shikamoo, akanipokea na kesi: "Marahaba mwanangu. Hawa watu wa intaneti wananiibia. Nimepandisha kifurushi, bado nikimpigia dada yako simu ya video ananiganda." Rauta yake ilikuwa chini, ndani ya kabati la televisheni, na friji imesimama pembeni. Kati ya hapo na chumbani kwake kuna kuta mbili za tofali za saruji na kabati la nguo lenye kioo kirefu. Nikachomeka kompyuta moja kwa moja kwenye rauta kwa waya, nikazima waifai ya kompyuta, nikapima: Mbps 38 kwenye kifurushi cha 40. Nikaenda chumbani kwake na kupima kwa waifai: 3. Nikamwambia, "Shangazi, hapa hawajakuibia. Unacholipia kinafika mpaka sebuleni, kinafia ukutani."

Kipimo hicho cha waya ndicho ninachomwomba kila msomaji akifanye kabla ya jambo lingine lolote. Kwa waya ukipata spidi nzuri na kwa waifai ukakosa, tatizo ni la ndani ya nyumba. Hata kwa waya ikikata, tatizo liko kwenye rauta yenyewe, kwenye umeme wake, au nje kwa kampuni. Nyumba isiyo na kompyuta yenye tundu la waya inaweza kusogeza simu hadi pembeni ya rauta ikapima hapo; jibu halitakuwa na uhakika uleule, ila litakuonyesha njia.

Kuta zetu zina nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Rauta nyingi za sasa zinarusha mawimbi ya aina mbili. Ya GHz 5 yana kasi kubwa lakini ukuta unayamaliza upesi. Ya GHz 2.4 yanapenya zaidi, ila njia yake imejaa: rauta za majirani, Bluetooth, hata jiko la maikrowevu linafanya kazi karibu na hapohapo, kwenye GHz 2.45. Chuma na bati huyarudisha mawimbi, kioo cha kujitazamia pia kwa sababu ya madini yaliyopakwa nyuma yake, na maji huyanywa, kwa hiyo simtanki iliyojaa ikikaa katikati ni kizuizi kamili. Wanaoishi kwenye nyumba za mawe za Unguja na Lamu, zenye kuta nene za matumbawe, wanalijua hili bila kuambiwa. Kwenye ghorofa za Kariakoo au Sinza adui mkubwa ni majirani: fungua orodha ya waifai kwenye simu uone majina yanavyojipanga. Kwa GHz 2.4 chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11 tu. Rauta yako ikiwa kwenye chaneli moja na nusu ya jengo, mnapokezana zamu.

Kwa shangazi tulinunua waya wa mtandao wa mita kumi, tukaitoa rauta kabatini, tukaipandisha juu ukutani kwenye korido, katikati ya nyumba. Waya wa aina hiyo unafika hadi mita 100 bila kupoteza kasi, kwa hiyo urefu haukuwa kikwazo. Chumbani kwake sasa inasoma zaidi ya 30. Vile vifaa vya kurudufisha waifai vinavyouzwa madukani tuliviacha, maana vingi vya bei nafuu hupokea na kurusha kwenye wimbi lilelile, hivyo kasi hupungua karibu nusu, na ukichomeka kimoja mahali ambapo waifai tayari ni dhaifu, kitarudufisha udhaifu.

Zipo siku ambazo kosa kweli liko nje. Kwenye kifaa cha faiba tazama taa iliyoandikwa LOS. Ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki: waya umekatika mahali, umekunjwa sana nyuma ya kochi, au kichwa chake kimechafuka. Huo waya usiuchomoe ukachungulia ncha yake. Ndani mnapita mwanga wa leza usioonekana kwa macho, nao unaweza kuyaumiza. Rauta inayojizima yenyewe, tazama adapta na umeme kwanza. Umeme ukicheza sekunde moja, rauta hukaa dakika kadhaa kabla ya kurudi mtandaoni, na UPS ndogo ya volti 12 humaliza kero hiyo, mradi rauta yako nayo iwe ya volti 12. Intaneti ikiwa nzuri mchana na mbovu kila jioni, hata kwa waya, kuna uwezekano mkubwa mtaa umejaa: kwenye faiba za aina ya GPON, laini moja ya Gbps 2.5 hugawanywa kwa nyumba hata 32 au 64.

Na Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania na majirani zake walikaa na mtandao wa kusuasua. Waliozima na kuwasha rauta siku ile walisumbuka bure.

Kwa hiyo kabla ya kuzima, andika. Saa ngapi imekata, taa gani zinawaka, kwa waya inasomaje, chumbani inasomaje. Ukizima unafuta ushahidi, na mpokea simu hawezi kubishana na karatasi yenye tarehe. Malalamiko yanaanzia kwa kampuni. Yasiposhughulikiwa unayapeleka kwa wasimamizi wa mawasiliano: TCRA kwa Tanzania, na kwa walioko Kenya, Mamlaka ya Mawasiliano.

Kampuni zina hoja yao, kwamba dhamana yao inaishia kwenye rauta. Naikubali, lakini mteja aambiwe kabla ya kusaini, kwa Kiswahili kinachoeleweka. Anayechagua rauta ikae wapi ni fundi wao, na anaiweka mlangoni ili kuokoa waya na muda. Basi aulize kwanza: mnatumia intaneti chumba gani, nani anasoma, nani anafanyia kazi nyumbani? Kama waya wa kufika katikati ya nyumba una gharama, aitaje, mwenye nyumba aamue. Kisha atembee na simu hadi kila chumba kinachotumika, aandike spidi ya kila chumba kwenye fomu. Na huduma kwa wateja wasimtajie mtu kifurushi kikubwa kabla ya kumuuliza kwa waya anapata ngapi.

Unayesubiri fundi wiki hii, mpeleke chumba cha nyuma kwanza. Kalamu ya kusainia ibaki mkononi mwako mpaka apime huko.