CERN: Kutafuta chembe yenye chaji ndogo sana, na faida ya kutopata kitu

Karibu na Genève, kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa, mashini ya CERN inayoitwa LHC inagonganisha protoni chini ya ardhi. Kundi moja la watafiti, milliQan, linatafuta humo kitu ambacho bado hakijaonekana: chembe yenye chaji ya umeme ndogo kuliko ya elektroni, pengine sehemu moja tu kwa elfu.

Kwa nini hiyo ni ya maana? Sehemu kubwa ya maada ya ulimwengu ni maada nyeusi, na hakuna anayejua imeundwa na nini. Chembe kama hiyo ingefungua njia ya kuielewa.

Shida ni kwamba chaji ikipungua mara 1.000, alama ambayo chembe inaacha inapungua mara milioni moja. Vyombo vikubwa vya LHC haviioni. Ndiyo maana milliQan iliweka vipande virefu vya plastiki, vinavyotoa mwanga vikipitwa na chembe, ndani ya handaki la maji, metre 33 kutoka mahali pa mgongano. Mwamba wa katikati unazuia nyingi kati ya chembe za kawaida.

Chombo cha majaribio kilikusanya data mwaka 2018, bila kuona kitu. Lakini matokeo ya 2020 yaliondoa chembe zenye chaji kati ya 0,006 na 0,3 ya elektroni, kulingana na uzito wao.

Kwa hiyo kazi haikupotea: eneo la kutafuta limepungua, na migongano iliyotumika ingefanyika hata bila milliQan.