Ukijaribu mfumo kwenye nakala, usirudishe nakala nzima dukani

Jamani wenzangu wa maduka ya mtandaoni, kujaribu mabadiliko kwenye nakala ya duka ni sawa kabisa. Kuyarudisha ndiko kunakotuumiza.

Mimi nauza mafuta ya alizeti hapa Dodoma, shule niliishia kidato cha nne, mfumo nimejifunza mwenyewe. Ijumaa nilinakili duka, nikapanga upya nauli za mizigo ya Singida na Iringa. Jumapili nikarudisha nakala yote. Oda tisa za Jumamosi zikafutika! Nilizitafuta moja moja kwenye meseji za malipo, na wateja wawili walishakasirika.

Kosa langu. Kwenye WooCommerce, kwa mfano, oda na mipangilio vinakaa kwenye kanzidata moja. Ukiibandika ya Ijumaa juu ya ya leo, oda mpya zinaondoka.

Kwa hiyo mimi nasema: hamisha mipangilio tu. Andika kwenye daftari kila ulichobadilisha. Usiku, wateja wakiwa wachache, pakua bakapu, rudia mabadiliko hayo kwenye duka lenyewe, kisha weka oda yako moja uone kama nauli inakuja sawa. Inachosha, lakini oda ya mteja haipotei.