Sheria ya Ekari Itawabana Wasiostahili

Ukitoka mjini Nakuru kuelekea Njoro, au ukishika njia ya Bahati, mabango ya ploti yanakuandama: hamsini kwa mia, maji na stima zipo, hatimiliki tayari. Nyuma ya bango kuna mahindi. Basi kila mkutano wa wakulima lazima atokee mtu wa kusema kwamba mashamba yamekatwakatwa mno, na kwamba Bunge lipitishe sheria ya kuzuia shamba lisigawanywe likapungua ekari fulani. Hofu yake naielewa. Dawa yake siikubali.

Ukubwa wa mashamba haya haukupangwa na mtaalamu wa kilimo. Mpango wa Ekari Milioni ulioanza 1962 uliwapa makao watu wachache kati ya waliohitaji. Waliobaki walichanga pesa katika kampuni za kununua mashamba ya walowezi, na hapa Nakuru iliyovuma zaidi ni Ngwataniro ya Dickson Kihika Kimani. Mwanachama alikaa na karatasi ya hisa miaka na mikaka, hadi miaka ya 1980 Rais Moi alipoagiza kampuni hizo ziwagawie watu ardhi yao na zivunjwe. Kwa hiyo mzee wa Bahati mwenye ekari mbili unusu alipata kilicholingana na hisa zake, si kile ambacho kingelisha nyumba yake. Akiwagawia watoto wanne, kila mmoja anaondoka na zaidi kidogo ya nusu ekari.

Nusu ekari ina shida zake, tusidanganyane. Kule Molo na Kuresoi mkulima wa viazi anatakiwa kubadilisha mimea, alipopanda viazi msimu huu apande kitu kingine misimu inayofuata, la sivyo mnyauko wa bakteria unakaa udongoni na kumla mzimamzima. Mwenye kipande kidogo hana pa kuhamia. Anapanda viazi juu ya viazi kwa sababu viazi ndivyo vinavyolipa karo.

Lakini tazama jinsi mjadala unavyochanganya mambo mawili. Kuna ndugu wanaogawana urithi na kuendelea kulima, na kuna shamba linalopimwa ploti na kuuziwa watu wa mjini wanaotaka kujenga. Kiamunyi na Ngata, palipokuwa mashamba, leo ni mitaa. Ugawaji wa kwanza hubadilisha jina kwenye hatimiliki tu, udongo ukabaki kulimwa. Wa pili hufunika udongo kwa simiti, na hakuna mjukuu atakayeurudisha. Sheria ya ekari za chini inawabana wote wawili sawasawa, na ukweli ni kwamba mwenye pesa za mawakili ndiye atakayepata mlango wa kutokea.

Majirani wetu wamejaribu. Sheria ya ardhi ya Rwanda ya 2013 ilikataza kugawanya shamba la kilimo likawa chini ya hekta 1. Familia ziliendelea kugawana na kuuziana, ila kwa makubaliano ya mdomo na karatasi zisizosajiliwa. Rejesta ikasema hivi, shamba likasema vile.

Kuna na hili ambalo wanaume katika mikutano hulipita haraka. Katiba ya 2010 imekataza ubaguzi wa kijinsia katika ardhi, na mabinti wameanza kudai fungu lao kwa baba. Mpe kaka sheria inayosema shamba halikatiki tena, uone nani ataambiwa halitoshi.

Katiba hiyohiyo, Kifungu cha 68, iliagiza Bunge liweke kiwango cha chini na cha juu cha ardhi ya kibinafsi. Muswada ulichapishwa 2015 na ukafia njiani. Ajabu ni kwamba kila mtu anakumbuka neno la chini. Soysambu, kando ya Ziwa Elementaita, ina takriban ekari 48,000. Ni hifadhi ya wanyama na malisho, nami sidai ikatwe. Lakini anayemhubiria mwenye nusu ekari asome sentensi nzima.

Kinachopungua kwa wakulima wadogo ni namna ya kulima pamoja bila kupoteza hatimiliki. Njoro na Mau Narok tayari wenye trekta hukodi vipande vya watu na kulima ngano. Tabu ni kwamba makubaliano mengi ni ya msimu mmoja, kwa mdomo, na hakuna anayemwaga samadi katika shamba ambalo mwakani litalimwa na mwingine. Woga huo una historia: waliofukuzwa Molo na Kuresoi mwaka 1992, kisha 2007 na 2008, wanajua maana ya kumwacha mtu mwingine ashike shamba lako. Mkataba wa miaka mitano uliosajiliwa, kwa ada ambayo mkulima wa kawaida anaimudu, ungesaidia kuliko marufuku yoyote.

Kuhusu ploti, nguvu ziko tayari mikononi mwa kaunti. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inamtaka anayegeuza matumizi ya ardhi aombe kibali kwa kaunti. Nakuru haina haja ya kungoja Bunge ili ikatae ombi la kugeuza shamba la ngano kuwa mtaa. Inahitaji ramani inayoonyesha wazi wapi pa kulima na wapi pa kujenga, ibandikwe katika ofisi ya kila chifu, na ifuatwe hata mwombaji anapokuwa mheshimiwa.