Damu Inaponyamaza

Mara nyingi twasikia mgonjwa akirudi kutoka hospitalini na kuwaambia jamaa zake: «Damu yangu imepimwa, kansa haimo.» Nyumba nzima hufurahi. Lakini je, yawezekana damu inyamaze na ugonjwa umo? Naam, yawezekana, nasi twataka kueleza sababu yake moja.

Kuna kipimo cha damu kiitwacho CA 19-9. Asili yake ni kazi ya mtaalamu Hilary Koprowski na wenzake huko Philadelphia, Marekani, karibu na mwaka 1980. Waganga hukitumia hasa kwa kansa ya kongosho, kiungo kile kilicholala nyuma ya tumbo. Kwa kawaida hesabu isiyopita 37 haiwatii mashaka.

Basi kitu hicho kinachopimwa ni nini? Ni mnyororo mdogo wa sukari, uliojengwa juu ya alama ya damu iitwayo Lewis. Wengi wetu twazijua aina za damu A, B na O, ambazo Karl Landsteiner alizigundua mjini Vienna na kuzitangaza mwaka 1901. Lewis ni kundi jingine, lililotambuliwa Uingereza mwaka 1946. Mtu wa damu A aweza kuwa na alama ya Lewis au kuikosa. Na mtu wa damu O vivyo hivyo.

Alama hiyo huungwa na kimeng'enya kimoja cha mwili. Aliyezaliwa bila kimeng'enya hicho si mgonjwa. Huishi na kufanya kazi kama wengine. Lakini ni kama mhunzi asiye na nyundo: chuma anacho, moto anao, jembe halitoki. Hata kansa ikikua ndani yake, CA 19-9 haitoki, au hutoka kidogo mno. Mganga aonaye hesabu ndogo aweza kudanganyika.

Kati ya Wazungu, watu wa namna hiyo ni kama 5 hadi 10 katika 100. Kati ya Waamerika weusi ni kama 22. Kwa hiyo jambo hili latuhusu sana sisi Waafrika.

Tena kipimo hicho hukosea kwa upande wa pili. Njia ya nyongo ikizibwa na jiwe, macho yakawa manjano, au kongosho likivimba, hesabu yaweza kupanda bila kansa yoyote. Basi hesabu kubwa si hukumu ya kifo, na hesabu ndogo si hati ya afya.

Tufanyeje? Mtu anayekonda bila sababu, mwenye maumivu ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni, au mwenye macho ya manjano, asitulizwe na karatasi moja. Amwombe mganga amchunguze mwili na kumpiga picha za tumbo. Na aliyekwisha kujulikana kuwa na kansa hiyo, naye hesabu yake ilikuwa ndogo mno tangu mwanzo, asifuatwe kwa kipimo hiki peke yake. Haifai kusema «amepona» kwa kuwa haikupanda.

Wazee walisema: kimya kingi kina mshindo mkuu. Tusikilize mwili wote, wala si tone moja la damu.